Asilimia 40 ya nini? Jibu kwa dada anayesubiri prosesa ijayo

Swali: "Mtaalamu, shikamoo. Niko Morogoro, nahariri video za harusi na sendofu. Kompyuta yangu ya mezani ina Ryzen 5 3600 kwenye bodi ya B450, RAM GB 16, nimeitumia tangu 2020. Siku hizi nikiweka video za 4K inakwama hadi natamani kulia. Nimedunduliza hela kidogo nibadilishe prosesa, lakini mdogo wangu, ambaye anachezea gemu kwenye mashine hiyo hiyo, ananizuia. Anasema Ryzen zijazo zitazizidi za sasa kwa asilimia 40, kwa hiyo kununua leo ni kutupa hela. Nisubiri? Na hizo asilimia watu wanazitoa wapi wakati prosesa yenyewe haijatoka?"

Marahaba, dada yangu. Niruhusu nianzie mwisho, kwenye hizo asilimia, maana mdogo wako hajazitunga. Amezisikia mahali, na aliyemwambia naye kazisikia mahali, na huko mwanzo kabisa yupo mtu aliyekaa akapiga hesabu. Hesabu yenyewe si ngumu. Unaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu, na ukishaifanya utaona mwenyewe chumvi inatiwa wapi.

Fikiria kinu na mchi. Mtu anatwanga mpunga. Atamaliza debe baada ya muda gani? Hapo kuna mambo mawili: anapiga mara ngapi kwa dakika, na kila pigo linakoboa punje ngapi. Prosesa nayo ni hivyo hivyo. Gigahezi ni idadi ya mapigo: gigahezi 5 ni mapigo bilioni 5 kwa sekunde. Kazi inayofanyika katika kila pigo, ambayo wahandisi huiita IPC, ndiyo uzito wa mchi. Kasi unaipata kwa kuzidisha hayo mawili. Nasisitiza kuzidisha, kwa sababu wengi hujumlisha, halafu wanashangaa kwa nini hawapati jibu la wenzao.

Tujaribu kwa prosesa zilizokwishatoka. Novemba 2020 AMD, watengenezaji wa Ryzen, walitoa Ryzen 5000, kizazi wanachokiita Zen 3, wakasema kazi kwa kila pigo imepanda kwa asilimia 19 ukilinganisha na Zen 2, ambacho ndicho kizazi cha 3600 yako. Kilele cha mapigo kilitoka gigahezi 4.7 kwenye 3950X ya Zen 2 hadi 4.9 kwenye 5950X ya Zen 3, ongezeko la asilimia 4 hivi. Zidisha 1.19 kwa 1.04, unapata 1.24. Septemba 2022 ikaja Zen 4, yaani Ryzen 7000. Safari hii kazi kwa pigo iliongezeka asilimia 13 tu, lakini mapigo yaliruka kutoka 4.9 hadi 5.7, asilimia 16. Zidisha tena: 1.31. AMD wenyewe walitangaza asilimia 29 kwa kazi ya kiini kimoja (core, yaani mtwangaji mmoja kati ya kadhaa walio ndani ya prosesa). Tumekosea kwa pointi mbili, nasi tumekaa jikoni na simu mkononi.

Kwa hiyo kubashiri si uchawi, na wanaobashiri si waongo wote. Shida inaanza pale mtu anapokuwa na namba moja ya kweli, akaivisha mambo isiyoyahusu.

Mfano ulio karibu zaidi ni Zen 5, Ryzen 9000. Mwanzoni mwa 2024 zilizagaa tetesi kwamba kiini cha Zen 5 kingekishinda cha Zen 4 kwa asilimia 40. Ndiyo, ile ile 40 ya mdogo wako. Hii namba inapendwa, sijui ina dawa gani. Juni mwaka huo AMD walisimama jukwaani Taipei wakataja asilimia 16, na huo ulikuwa wastani wa majaribio waliyoyachagua wao. Katika orodha yao gemu la Far Cry 6 lilikuwa chini kabisa kwa asilimia 10, na juu kabisa kulikuwa na jaribio la kusimba data kwa asilimia 35. Kilele cha mapigo hakikusogea, kilibaki 5.7. Prosesa zilipofika mikononi mwa wapimaji mwezi Agosti, kwenye gemu wengi walipata ongezeko la asilimia chache tu, kiasi ambacho mchezaji aliyekaa mbele ya kioo hakioni. Wakati huo huo waliokuwa na kazi nzito za hesabu, zile zinazotumia maagizo ya AVX-512 yanayochakata namba nyingi kwa mkupuo, walipata zaidi ya hiyo 16. Prosesa moja, wiki moja, na kila mtu anasema kweli.

Ilikuwaje? Rudi kwenye kinu. Umempa mtwangaji mchi mzito zaidi, mkono wake una nguvu, lakini mpunga unaletwa na mtoto yule yule, kutoka ghala lile lile, kwa ungo ule ule. Atatwanga upesi, kisha atasimama kumsubiri mtoto. Kwenye kompyuta ghala ni RAM. Kwa gigahezi 5 pigo moja linachukua sehemu 2 tu za kumi za nanosekunde, ilhali kuagiza data kutoka RAM na kuipata huweza kuchukua nanosekunde 80. Hayo ni mapigo 400 prosesa ikingoja kitu kimoja. Na Ryzen 9000 za mezani zilibaki na kile kile kipande cha silikoni kinachoongea na RAM kilichokuwamo kwenye Ryzen 7000. Mtwangaji mpya, mtoto yule yule.

Ndiyo maana prosesa ninayopenda kuitolea mfano haina hata mapigo mengi. Aprili 2022 AMD walichukua kiini kile kile cha Zen 3, wakabandika juu yake kashe ya ziada, ile kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe, ikafika MB 96, wakaiita 5800X3D. Mapigo yake yalipunguzwa: 5800X ya kawaida ilikuwa na 4.7, hii ikawa na 4.5. Kwa hesabu yetu ya kinu ilipaswa kuwa goigoi kuliko ndugu yake. Kwenye gemu ikampita kwa mbali. AMD walitaja wastani wa asilimia 15 hivi, tena dhidi ya 5900X, kaka yao mkubwa, na wapimaji wa nje hawakubishana nao sana. Kilichofanyika ni kwamba mpunga uliwekwa karibu na kinu. Mtu aliyebashiri kwa gigahezi na IPC peke yake asingeiona ikija. Ila kwenye kurenda video, yaani kuitoa ikiwa imekamilika, hiyo kashe haikusaidia kitu cha maana, na kwa kuwa mapigo yamepungua, 5800X ya kawaida ilikuwa mbele kidogo. Kwa hiyo wewe na mdogo wako, mkitumia mashine moja, mnahitaji prosesa mbili tofauti. Hilo mtalimaliza nyumbani.

Waliowahi kubashiri kwa kujiamini kabisa walikuwa Intel, washindani wa AMD, tena kuhusu bidhaa zao wenyewe. Walipoleta Pentium 4 mwaka 2000, usanifu wake ulijengwa kwa ajili ya mapigo: kila agizo lilikatwa katika hatua nyingi ndogo ili mapigo yaweze kuongezeka, na wakawa wanazungumzia gigahezi 10 kama kituo cha mbele tu cha safari. Februari 2004 wakatoa toleo walilolipa jina la Prescott, likiwa na hatua 31 badala ya 20, kwenye teknolojia mpya ya nanomita 90. Kila aliyesoma vitabu aliamini kwamba transista, zile swichi ndogo mno za umeme ndani ya prosesa, zikipungua ukubwa, umeme unaotumika hupungua nao, kwa hiyo unaweza kuongeza mapigo bila joto kuongezeka. Kanuni hiyo aliiandika Robert Dennard na wenzake mwaka 1974, na ilishika kwa miaka 30. Ikaachia pale pale. Umeme ukaanza kuvuja kwenye transista hata zikiwa zimezimwa, na Prescott ikawa jiko. Iliishia gigahezi 3.8. Oktoba 2004 Intel walifuta mpango wa Pentium 4 ya gigahezi 4, na mkurugenzi wao, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani mbele ya hadhira kuomba radhi, nusu utani nusu kweli. Intel walikuja kuuza prosesa ya mezani yenye gigahezi 4 za msingi Juni 2014, Core i7-4790K. Miaka 10 kwa gigahezi sehemu 2 za kumi!

Naisimulia hii kwa sababu joto lile ndilo linaloendelea kutuamulia mpaka leo. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sawa na mapigo, lakini hupanda kwa mraba wa volti, na mapigo ya juu yanataka volti zaidi. Asilimia 5 za mwisho za kasi zinaweza kudai umeme mwingi kuliko asilimia 20 za mwanzo. Intel waliendelea kusukuma hadi 14900KS ikafika gigahezi 6.2 mwezi Machi 2024, mwaka ule ule ambao walilazimika kukiri kwamba prosesa zao za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikidhoofika kwa kupewa volti kubwa mno. Agosti walitoa marekebisho ya ndani ya prosesa na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Oktoba wakaleta kizazi kipya kabisa, Core Ultra 200S, na mkubwa wao, 285K, ana gigahezi 5.7. Chini ya 6.2. Kwenye gemu Intel wenyewe walisema kabla ya kuitoa kwamba itakuwa karibu sawa na 14900K, na wapimaji wengi wakaikuta nyuma kidogo. Ilichopunguza ni umeme. Nakupa hili pia kama onyo la dukani: ukikutana na 13900K au 14900K ya mkono wa pili kwa bei ya kutupa, uliza imeishije kabla hujaingiza mkono kwenye pochi.

Upande wa pili upo pia, na haki itendeke. Zen ya kwanza, Machi 2017, AMD waliahidi ongezeko la asilimia 40 la kazi kwa pigo wakaleta 52. Hapo tetesi zilipitwa na ukweli. Lakini angalia walikuwa wanalinganisha na nini: usanifu wao wa ukoo wa Bulldozer, ambao tangu 2011 ulikuwa ukiburuza mkia nyuma ya Intel. Aliyeanguka shimoni akitoka anaonekana ameruka juu sana. Mruko wa namna hiyo nautegemea kwa kampuni iliyokuwa imebaki nyuma, na AMD wa leo hawako shimoni.

Sasa tuje kwenye hizo zijazo. Wakati naandika, Zen 6 za mezani hazijafika dukani, lakini yapo mambo ambayo AMD wenyewe wameyasema: Zen 6 za seva, zinazoitwa Venice, zinatengenezwa na TSMC wa Taiwan kwa teknolojia ya nanomita 2, na zitafika viini 256. TSMC nao wanasema teknolojia hiyo, ikilinganishwa na ile ya nanomita 3 waliyonayo, inatoa kasi zaidi ya asilimia 10 hadi 15 kwa umeme ule ule, au inapunguza umeme kwa asilimia 25 hadi 30 kwa kasi ile ile. Lisome tena hilo neno "au". Wanaotengeneza video za tetesi hulisoma kama "na". Umeambiwa uchague wali au ugali, wewe unapakua sahani zote mbili halafu unawatangazia majirani kwamba ni bure.

Kwa za mezani tetesi zinazorudiwa mara nyingi ni kwamba kila kipande cha silikoni kitakuwa na viini 12 badala ya 8, na wapo wanaotaja hata gigahezi 7. Hiyo ya viini naiona ina mantiki. Hiyo ya gigahezi 7 nitaiamini nikiiona, na nikiiona nitaanza kwa kutafuta feni.

Sasa hapa ndipo asilimia kubwa kubwa zinapozaliwa. Mtu anachukua viini 12 kugawa kwa 8, anapata 1.5. Anazidisha na IPC asilimia 10, anapata 1.65. Anaandika "ASILIMIA 65!" kwa herufi nyekundu, anaweka picha yake akiwa ameshika kichwa, na video inatazamwa. Kasahau kwamba si kila kazi inagawanyika. Gene Amdahl aliliweka hili wazi mwaka 1967, nasi tulilijua hata kabla yake: wapishi watano hawaivishi maharage mara tano upesi. Chukua kazi ambayo asilimia 80 yake inaweza kugawanywa kwa viini na 20 lazima ifanywe na kimoja. Kwa viini 8 inachukua 0.2 kujumlisha 0.8 gawa kwa 8, yaani 0.3 ya muda ambao kiini kimoja kingetumia. Kwa viini 12 inachukua 0.267. Umeongeza viini kwa nusu nzima, na kasi imepanda kwa asilimia 12 na nusu. Kazi ya kurenda picha za 3D hugawanyika karibu yote, kwa hiyo huko 50 inakaribiwa. Kuhariri, kule kuvuta mshale mbele na nyuma kwenye video, hugawanyika vibaya. Gemu hivyo hivyo.

Ukinibana nitoe ubashiri wangu, nitautoa, uje unicheke baadaye. Kazi kwa pigo naipa asilimia 10 hivi, kwa sababu kila kiini kinapozidi kuwa kipana, upana unaofuata huleta faida ndogo zaidi. Mapigo nayapa asilimia 5 hadi 8, maana toka teknolojia ya sasa ya Ryzen 9000, ambayo ni ya ukoo wa nanomita 5, hadi nanomita 2 ni kuruka ngazi nzima. Jumla, kwa kiini kimoja, asilimia 15 hadi 19. Kwa kurenda na viini vyote, ikiwa kweli vitakuwa 12 kwa kipande, hapo naweza kusikia 50 nisishtuke. Kwa gemu sitaji namba mpaka nijue wamefanya nini na kile kipande kinachoongea na RAM. Wakikibadilisha kikawa kipya, mdogo wako anaweza kupata zaidi ya kile kilichopatikana kwenye Zen 5. Wakikiacha, ajiandae kwa asilimia chache tena, asubiri toleo lenye kashe ya ziada.

Umeona lakini kwamba muda wote huu tunazungumzia umbali kati ya prosesa ya sasa na ijayo? Wewe huna prosesa ya sasa, dada. Una Zen 2. Hebu tupige hesabu kutoka uliposimama. Kutoka Zen 2 hadi Zen 3, 1.19. Hadi Zen 4, 1.13. Hadi Zen 5, 1.16. Zidisha zote: 1.56. Mapigo: 3600 yako inafika 4.2, Ryzen 7 9700X inafika 5.5, hiyo ni 1.31. Zidisha: 2.04. Kwa namba za watengenezaji wenyewe, ambazo wewe punguza kidogo kwa heshima, prosesa iliyoko rafuni sasa hivi ni kama mara mbili ya yako katika kazi ya kiini kimoja, kabla hujahesabu kwamba ina viini 8 na yako ina 6. Mdogo wako anakushauri ukeshe na mashine inayokwama ukisubiri sehemu ndogo ya mwisho, huku umeiacha asilimia 100 imelala dukani.

Hata hivyo sikwambii ukimbie kununua 9700X. Inataka bodi mpya yenye soketi ya AM5, yaani tundu prosesa inamokaa, na RAM za aina mpya, DDR5, na bei za RAM zilipaa mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza nguvu kwenye kumbukumbu za seva za akili bandia. Hapo hela yako ya prosesa inageuka kuwa hela ya vitu vitatu. Faida yake ni kwamba AMD wameahidi kuendelea na soketi ya AM5 hadi 2027 na kuendelea, kwa hiyo bodi hiyo ina maisha mbele.

Njia ya mkato unayo tayari mezani. Bodi yako ya B450 inakubali Ryzen 5000 ukishasasisha BIOS, ile programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta. Ryzen 7 5700X ina viini 8, gigahezi 4.6, na inakula umeme wa daraja lile lile la 3600 yako. Hesabu: 1.19 mara 1.095 ni 1.30 kwa kiini kimoja, na wakati wa kutoa video iliyokamilika viini 8 kwa 6 vinaweza kukusogeza hadi karibu 1.7, punguza kodi ya Amdahl. RAM zile zile, bodi ile ile. 5900X yenye viini 12 nayo itaingia, ila bodi nyingi za B450 za bei ya chini zina vidhibiti vya umeme vidogo visivyo na bati la kupoza, nami sipendi kuvipikia humo wati 105 saa nzima.

Kabla ya hata senti moja kutoka, fanya mambo haya. Fungua ubavu wa kompyuta uhesabu vijiti vya RAM. Nina sababu ya kuuliza. Mwaka juzi mzee mmoja wa studio ya picha aliniletea mashine aliyouziwa imeshaunganishwa, analalamika ni nzito kuliko ya zamani. Ndani nilikuta kijiti kimoja cha GB 16, kimekaa peke yake, nafasi tatu tupu zinamtazama. Kijiti kimoja maana yake njia moja ya data badala ya mbili. Mtoto wa ungo anatembea na mkono mmoja umefungwa mgongoni. Tuliongeza kijiti cha pili kinachofanana, tukaingia kwenye BIOS kuwasha XMP, mpangilio unaoiruhusu RAM kukimbia kwa kasi yake kamili, kwa sababu RAM ya 3200 ilikuwa inakimbia kwa 2133 tangu siku aliyonunua. Na pasta ya kupozea, nilipong'oa feni, ilikuwa imekauka kama chokaa ya ukutani, huku mapezi ya feni yamezibwa na vumbi lililochanganyika na nyuzi za mapazia ya studio. Kwa joto letu hili hilo si dogo. Wapimaji wa Ulaya hupima kwenye chumba cha nyuzi 21 au 22. Chumba chako mwezi wa Februari kiko 30 na kitu, na prosesa ikigusa kikomo cha joto inapunguza mapigo yenyewe bila kukuomba ruhusa. Mzee aliondoka na prosesa yake ile ile, na sikusikia tena malalamiko.

La pili, kamera. Kamera nyingi mpya za harusi hurekodi kwa mfumo wa 4:2:2 wa biti 10, unaotunza rangi kwa undani zaidi. Kama yako ni hivyo, kukwama kwako huenda hakutokani na udhaifu wa prosesa kwa maana ya mdogo wako. Kadi za picha nyingi haziwezi kufungua video za aina hiyo, kwa hiyo mzigo wote unaangukia prosesa, pigo kwa pigo, fremu kwa fremu. Prosesa za Intel zenye picha ya ndani zinaweza tangu kizazi cha 11 kwa video zilizobanwa kwa mfumo wa H.265, na kadi za NVIDIA zimeanza kuweza kwenye mfululizo wa RTX 50. Mhariri mwenye Intel ya wastani anaweza kukupita kwa ulaini kwenye video hizo hata kama una Ryzen iliyomzidi kwa kila kipimo kilichochapishwa. Dawa ya bure ni kuiambia programu yako itengeneze nakala nyepesi za video usiku, uhariri hizo, kisha wakati wa kutoa kazi itumie zile asili. Nimewaona watu wakiahirisha kununua kompyuta kwa miaka miwili kwa hilo peke yake.

Jaribu hivi: weka video inayokwama, icheze, huku umefungua pembeni dirisha la Task Manager, linaloonyesha prosesa, RAM na diski zinatumika kiasi gani. Prosesa ikiwa asilimia 100 viini vyote, 5700X itakusaidia. Kiini kimoja kikiwa kimejaa na vingine vimelala, itakusaidia kiasi. RAM ikiwa imejaa GB 15 na kitu kati ya 16, usibadilishe prosesa hata kidogo, ongeza RAM. Na kama kinachofika 100 ni diski, basi tulikuwa tunabishana kuhusu kinu wakati mlango wa ghala umefungwa.

Ukiamua kuweka 5700X, sasisha BIOS kwanza ukiwa bado na 3600 ndani, siyo baada ya kuing'oa. Fanya hivyo kompyuta ikiwa kwenye UPS yenye chaji, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo bodi inaweza isiwake tena. Na baadhi ya bodi za B450 zina hifadhi ndogo ya BIOS, kwa hiyo toleo jipya hufuta prosesa za zamani kwenye orodha ili lipate nafasi. Angalia ukurasa wa mtengenezaji wa bodi yako kama 3600 bado imo, isije ikashindwa kuwaka kabla hujabadilisha.

Nitumie picha ya hilo dirisha la Task Manager wakati video inakwama, na nyingine ya vijiti vya RAM. Na umwambie mdogo wako anipe gemu anazocheza na kioo chake ni cha ukubwa gani, maana kama anacheza kwenye 4K nina wasiwasi naye anasubiri prosesa wakati anachohitaji ni kadi ya picha.